Mwanasaikolojia na kazi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa wagonjwa, ndugu zao, walimu na vijana wanaotaka kusomea fani hii, kuanzia Tunduma hadi Iringa. Tumeanza na ya msingi, kisha tukaingia kwenye yale magumu. Jibu moja linapogusa jingine tumeweka namba ya swali, ili usisome jambo lilelile mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Mwanasaikolojia ana tofauti gani na daktari wa magonjwa ya akili?

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili alisomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye akili. Anapima mwili, anaandika dawa na anaweza kumlaza mgonjwa. Mwanasaikolojia amesomea namna watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Zana zake ni mazungumzo yenye mpangilio, vipimo vya maswali na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Haandiki dawa. Ukikutana na anayejiita mwanasaikolojia akakutolea vidonge mfukoni, mwachie vidonge vyake uondoke.

Kati yao wapo wengine. Muuguzi wa afya ya akili huku kwetu ndiye mara nyingi mgonjwa anayemwona kwanza. Mshauri nasaha amefunzwa jambo mahususi, kwa mfano ushauri wa VVU. Afisa ustawi wa jamii anashughulikia ndoa, matunzo ya watoto na familia zilizokwama. Kazi zao zinaingiliana, na mtu mmoja mwenye shida anaweza kuwahitaji watatu kwa mwezi mmoja. Kosa ni kumdai mmoja afanye ya wote.

2. Siku hizi kila mtu mtandaoni ni mwanasaikolojia. Nitamjuaje wa kweli?

Muulize bila aibu: umesoma nini, wapi, na kwa ngazi gani? Mafunzo ya vitendo ulifanyia wapi? Nani anakusimamia kitaalamu sasa hivi? Tatizo langu likikushinda utanipeleka kwa nani? Mtaalamu halisi hujibu haya kwa utulivu, na swali la mwisho hulijibu haraka kuliko yote kwa sababu jibu analo tayari. Anayekasirika, anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anayeweka mtandaoni picha za wateja wake wakilia, mkimbie.

Kusema vizuri jukwaani kuhusu ndoa na mafanikio ni kipaji, na kinasaidia watu. Lakini si tiba.

3. Nikionekana pale, watu watasema nimechanganyikiwa. Nifanyeje?

Hofu hii ndiyo inayochelewesha watu kuliko nauli. Wengi wanaofika kwa mwanasaikolojia hawaoni wala hawasikii vitu visivyokuwepo. Wamefiwa, hawalali, wana sonona (huzuni nzito isiyoisha), wana hofu inayowashika kifua wakiwa kwenye daladala, au ndoa imewaelemea. Kama unaogopa kuonwa, omba kikao cha asubuhi mapema, au nenda kwenye hospitali ambako wagonjwa wa kila aina wanapita mlango mmoja. Nasi tunaofanya kazi hizo tunapaswa kuacha kabisa kusema "wodi ya vichaa". Mgonjwa anayesikia jina hilo kwa mlinzi wa getini hugeuza njia palepale.

4. Wanapatikana wapi huku kwetu?

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo kituo kikubwa cha rufaa kwa nyanda hizi, na ina kitengo cha afya ya akili. Chini yake ziko hospitali za rufaa za mikoa. Nje ya hospitali, wanasaikolojia na washauri wako kwenye ofisi za washauri wa wanafunzi vyuoni, kwenye mashirika na kwenye baadhi ya kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo kwa wenye VVU. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma. Watu wengi huidhania kuwa ndipo pa kuanzia, ilhali ni ngazi ya juu ya rufaa, na shida nyingi zinamalizwa kabla ya kufika huko.

Anza zahanati au kituo cha afya, eleza tatizo, omba barua ya rufaa. Piga simu kwanza kuuliza siku za kliniki ya akili, maana haiendeshwi kila siku kila mahali, na kutoka Makete au Ludewa kwenda kugonga mlango uliofungwa ni hasara kubwa. Beba dawa zote unazotumia ndani ya mfuko mmoja, zikiwemo za kienyeji. Kama mgonjwa haelezeki vizuri, aje na mtu anayelala naye nyumba moja. Mjomba mwenye gari anayemwona mara mbili kwa mwaka hatajua usingizi ulianza kupotea lini.

## Ndani ya chumba

5. Kikao cha kwanza kinakuwaje?

Kwa kawaida dakika 45 hadi 60. Mtaalamu ataanza kwa kukueleza yeye ni nani, siri inalindwaje na wapi siri hiyo inakomea (swali la 9). Kisha atauliza kilichokuleta, kilianza lini, siku yako ya kawaida ikoje tangu unapoamka, unalala saa ngapi, unakula, unakunywa nini, nyumbani kuna nani. Atauliza pia kama umewahi kufikiria kujidhuru. Swali hilo huulizwa watu wote, usidhani umeonekana vibaya.

Usitegemee kupewa jina la ugonjwa siku hiyo. Kikao cha kwanza kikienda vizuri unatoka na vitu viwili: maelezo ya awali ya kinachokusumbua, kwa lugha unayoielewa, na jambo moja dogo la kufanya kabla ya kurudi.

6. Zile fomu za maswali zinapima nini?

Iliyozoeleka zaidi ni PHQ-9, inayopima dalili za sonona. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujilaumu, kushindwa kutulia akili, mwendo kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 mtaalamu anaanza kufikiria sonona inayohitaji matibabu, na kuanzia 20 hali ni kali. Swali la mwisho la fomu hiyo, la mawazo ya kufa, haliangalii jumla: likipata hata alama 1, mazungumzo yanasimama hapo na kuulizwa kwa kina.

Fomu huharibika kwenye midomo ya anayeuliza. Mama wa Rungwe akiulizwa "je, umekuwa na huzuni?" anaweza kujibu hapana, na hasemi uongo. Kwake ugonjwa ni "moyo unakwenda mbio", "kichwa kinawaka moto", "wadudu wanatembea mwilini". Mwulizaji mwenye haraka anaandika 0 na kumpa dawa ya maumivu. Mwenye ujuzi anafuata maneno ya mama mwenyewe: hao wadudu wanakuja saa ngapi, ukiwa unawaza nini? Mara nyingi ndani ya dakika 10 inatoka habari ya mtoto aliyezikwa mwaka jana. Alama ni mwanzo wa kuuliza, na fomu iliyojazwa foleni ndefu ikiwa imesimama mlangoni haifai kuaminiwa.

7. Yaani ni kuongea tu? Kuongea kunaponyaje?

Hili ndilo swali tunalolipenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa unaelewa kazi nzima.

Chukua mama anayeuza viazi Uyole. Amepoteza mtaji, hatoki nyumbani, hapokei simu. Mwanasaikolojia anayetumia tiba ya mawazo na tabia, ambayo misingi yake iliwekwa na Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, hatamwambia "jipe moyo". Atamwomba daftari la shule la kawaida, wachore mistari ya kugawa ukurasa sehemu nne. Ya kwanza ni tukio: "Jirani amepita bila kunisalimia." Ya pili ni wazo lililomjia: "Ananicheka, anajua nimefilisika." Ya tatu ni hisia na ukubwa wake kwa 0 hadi 100: aibu, 85. Ya nne ndiyo ngumu: ushahidi unaounga mkono wazo hilo na unaolipinga. Hapo mama anakumbuka kwamba jirani alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, na wiki iliyopita alimletea mboga. Anapima aibu tena: 50. Haijafika sifuri, wala hakuna aliyesema ifike.

Sambamba na daftari kuna vitendo. Mtu mwenye sonona husubiri apate hamu ndipo atoke. Tiba inageuza mpangilio: atoke kwanza, kidogo, kwa saa iliyopangwa, hamu ifuate. Jumatatu saa 2 asubuhi aende sokoni kuuliza bei tu, arudi. Jumatano anunue debe moja. Kinachoharibu ni kupanga makubwa: akiambiwa afungue meza siku ya kwanza atashindwa, na kushindwa huko kutaingia kwenye daftari kama ushahidi dhidi yake.

Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo mojamoja. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha dalili za waliopata msaada huo zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Kule watu huita ugonjwa wao *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", na ni jambo lilelile. Kazi hii ina hatua zinazoweza kufundishwa, kupimwa na kurudiwa.

8. Nitahitaji vikao vingapi?

Kwa sonona au hofu ya kawaida, kati ya 6 na 16, kwa wiki au kila baada ya wiki 2. Majeraha ya utotoni huchukua muda zaidi. Kama kufikia kikao cha nne au cha tano huoni badiliko lolote, mwambie mtaalamu. Wajibu wake ni kubadili njia au kukupa rufaa, na hatakasirika.

Kwa wanaotoka mbali, vikao vipangwe siku ya gulio au siku ya kuchukua dawa CTC. Nauli moja, shughuli mbili. Masika barabara za milimani zinapoharibika, panga mapema kuhamia kwenye simu (swali la 11), usiache pengo la miezi miwili.

9. Siri zangu zitabaki siri?

Ndiyo, isipokuwa mambo machache ambayo unapaswa kuambiwa mwanzoni. Mtaalamu akiona uko hatarini kujiua au kumdhuru mtu, atahusisha wengine. Mtoto akiwa anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua atoe taarifa. Mahakama ikiamuru, mtaalamu hana kinga kama aliyo nayo wakili kwa mteja wake, hivyo anaweza kulazimika kujibu, ingawa atajibu lililoulizwa tu. Taarifa za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mume hapewi habari za mke kwa sababu ndiye aliyelipa, wala mwajiri kwa sababu ndiye aliyemtuma mfanyakazi. Mwajiri anastahili kujua kwamba mtu alihudhuria na kama anafaa kurudi kazini. Basi.

10. Bibi yetu anaongea Kinyakyusa tu. Itakuwaje?

Omba mkalimani, na asiwe mjukuu, mume wala mkwe. Bibi hatasema mbele ya mkwe wake kwamba anatamani kufa. Muuguzi anayeijua lugha anafaa zaidi. Wakae pembetatu, bibi na mtaalamu wakitazamana, na mkalimani atafsiri kwa "mimi", si kwa "anasema kwamba". Kila jibu refu likatwe vipande vifupi. Mkalimani akirudisha maneno matatu kwa hadithi ya dakika mbili, mtaalamu amsimamishe pale pale na kuomba yote. Salamu pia zisirukwe: mzee wa Kihehe au Kibena aliyeamkiwa "kamwene" na kuulizwa habari za nyumbani kwanza anafunguka mapema kuliko aliyeanza kwa kuulizwa umri.

11. Vikao vya simu vinafaa?

Vinafaa, hasa baada ya kuonana ana kwa ana mara moja au mbili. Kinachoviharibu ni simu ya familia nzima. Kubalianeni neno la kawaida la kutumia kama kuna mtu amekaribia, kwa mfano "mbolea bado haijafika", na mtaalamu ageuze mazungumzo mara moja. Jumbe zisielezee tatizo. Ziseme saa tu. Tumia spika za masikioni, na kaa shambani au nje badala ya sebuleni. Kubalianeni mapema nani atapiga tena mtandao ukikatika. Asiye salama nyumbani, mathalani anayepigwa, asipangiwe simu kabla ya kuzungumza kwanza kuhusu usalama wake.

## Mambo yanayotokea zaidi huku kwetu

12. Ndugu yetu anakunywa sana. Mwanasaikolojia anaweza kumwachisha?

Anaweza kumsaidia, lakini msianze kwa kumfungia ndani. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Wengine hupata degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na kati ya saa 48 na 96 baadhi huchanganyikiwa, huona wadudu au watu wasiokuwepo, na wanaweza kufa. Hili linahitaji hospitali, dawa za kutuliza na vitamini B1. Familia nyingi huona hali hiyo zikadhani amerogwa, zikampeleka kwingine katika siku zilezile ambazo wodi ingemwokoa.

Baada ya hatari kupita ndipo kazi ya mwanasaikolojia inapoanza: kupima kiasi, kutambua saa na watu wanaomvuta, kupanga cha kufanya saa ileile. Kipimo cha unywaji kiitwacho AUDIT kina maswali 10 na jumla ya 40. Kuanzia 8 ni unywaji wenye hatari. Hapa ugumu ni ulanzi, pombe ya mianzi. Fomu inauliza chupa na glasi, lakini mtogwa (ulanzi mpya) wa leo ni mtamu na mwepesi, na kesho kutwa kidumu kilekile kimekuwa mkangafu, yaani umechacha na kuwa mkali. Kwa hiyo uliza lita ngapi, na ulanzi wa siku ya ngapi. Uliza pia msimu: anayekunywa masika tu wakati mianzi inagemwa ana tatizo tofauti na anayehamia kwenye komoni, pombe ya nafaka, ulanzi ukiisha.

13. Ninatumia ARV. Kwa nini CTC wananiuliza habari za usingizi na mawazo?

Kwa sababu VVU na afya ya akili vinakwenda pamoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mtu mwenye sonona husahau dozi, huruka kliniki, na virusi hupanda. Zamani dawa ya efavirenz ilileta ndoto mbaya, kizunguzungu na huzuni kwa baadhi ya watu. Tangu 2019 wengi wamehamia kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao ni nafuu zaidi kwa akili ingawa unaweza kukosesha usingizi. Ukikukosesha, muulize mhudumu kuhusu kumeza asubuhi. Usiache dawa.

14. Je, kila tatizo la akili ni la mwanasaikolojia?

Hapana, na hili linatugusa sana kwa sababu kukosea hapa kunagharimu maisha. Kabla ya kusema "ni mawazo", mwili uangaliwe.

Mbozi na maeneo ya Mbeya kunakofugwa nguruwe wanaozurura, mayai ya tegu wa nguruwe humfikia binadamu kupitia kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwenye maji, mboga au mikono. Viluwiluwi vya tegu hao vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa, maumivu ya kichwa na mabadiliko ya tabia. Mtu mzima anayeanza kifafa akiwa na miaka 30 anahitaji kipimo cha kichwa, si ushauri wa ndoa.

Chunya, mchimbaji anayechoma dhahabu kwa zebaki huvuta mvuke wake. Mikono inatetemeka, anakuwa mkali, anasahau, halali. Mke analeta malalamiko ya hasira, na hasira ipo kweli, ila chanzo kiko kwenye karai la kuchomea. Uliza kila mara: unafanya kazi gani, na kwa mikono yako unashika nini?

Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu, uzito na huzuni zinazofanana na sonona kabisa. Rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, lilikuwa la kawaida milimani kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Na Juni na Julai, Makete na Njombe, jiko la mkaa likilala ndani ya chumba kilichofungwa, watu huamka na kichwa kizito, kichefuchefu na akili iliyovurugika. Nyumba nzima ikiamka hivyo, fungueni madirisha na mwende hospitali.

15. Tumeanza maombi, na mzee mwingine anashauri mganga. Tuache?

Mtaalamu mzuri hatawadai mchague. Atauliza mnafanya nini na kinasaidia nini. Maombi, kwaya na jumuiya humpa mgonjwa watu wanaomjali, na hilo lina uzito. Kuna mambo matatu yasiyo na mjadala: mgonjwa asifungwe kamba wala minyororo, asipigwe, na asiachishwe dawa. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari kwa sababu baadhi hugongana na za hospitali. Akionwa "amepandisha mapepo" na huku ana homa, apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo siku hiyohiyo. Sala inaweza kuendelea akiwa wodini.

16. Mtu amesema anatamani kufa. Nikimuuliza nitampa wazo?

Hutampa. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuulizwa kwa upole huwa nafuu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa au fungia dawa za mashamba na mifugo, hata zile za stoo ya jirani kama anaingia, na dawa zote za hospitali zishikwe na mtu mmoja. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo, usisubiri siku ya kliniki. Kama ni mtoto, piga pia 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Watu huogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini mhudumu wa afya kazi yake ni kutibu, na anayefichwa nyumbani ndiye anayekufa. Nendeni hospitali.

17. Mwalimu anasema mtoto ni mtukutu. Apelekwe?

Kwanza macho na masikio vipimwe. Kisha muulize mwalimu: lini, somo gani, baada ya nini? Mtoto anayesumbua kuanzia saa 5 huenda hajala tangu jana. Anayesumbua tangu aanze kulala kwa shangazi ni suala jingine kabisa, na hapo ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wahusishwe kama kuna dalili za dhuluma.

## Maisha ya kazi yenyewe

18. Siku ya mwanasaikolojia wa hospitali ikoje?

Asubuhi anazunguka wodini na madaktari: aliyekatwa mguu baada ya ajali ya barabara kuu, mama aliyepoteza mtoto, kijana aliyetibiwa sumu. Baadaye anaona wa nje. Vikao kamili 5 hadi 6 kwa siku ndio ukomo wa kufanya kazi nzuri. Vikizidi, kinachokufa kwanza ni kuandika faili, na faili lisiloandikwa siku hiyo huandikwa kwa kubuni kesho yake.

Ukweli ni kwamba foleni mara nyingi humwachia dakika 15. Katika hizo anapaswa kufanya mambo matatu: kuuliza usalama, kuchagua tatizo moja, na kupanga tarehe ya kikao kirefu. Anayejaribu kuingiza tiba nzima kwenye dakika 15 humfungua mtu jeraha na kumrudisha barabarani analia.

19. Nisome nini?

Chuo Kikuu cha Iringa kinafundisha saikolojia ya unasihi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vina shahada za elimu katika saikolojia, na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Shahada ya kwanza ni miaka 3, na peke yake haikutoshi kutibu magonjwa mazito. Kwa hayo unahitaji uzamili wenye saa nyingi za vitendo chini ya msimamizi. Soma muongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka husika kwa sifa za kujiunga.

Wanaofeli wengi huangushwa na takwimu. Walikuja wakidhani watafundishwa kusikiliza, wakakuta nusu ya fani ni kupima. Anza kuzoea hesabu mapema. Na msimamizi wa vitendo mchague kwa makini kuliko jengo la chuo.

20. Ajira zipo?

Zipo, lakini cheo hakisomeki "mwanasaikolojia" kila mara. Tafuta pia mshauri nasaha, mshauri wa wanafunzi, afisa rasilimali watu, afisa mradi wa afya ya jamii. Za serikali hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Majeshi, polisi na magereza huajiri kwa taratibu zao. Wengi huanza kwenye miradi ya mashirika, na hatari yake inajulikana: mradi ukiisha, wateja 40 wanabaki hewani. Anayeingia kwenye mradi aandae orodha ya rufaa tangu mwezi wa kwanza.

21. Wanasaikolojia wenyewe hawachoki?

Wanachoka. Dalili ni kuanza kufurahi mteja asipokuja, kuchanganya hadithi za watu wawili, kuota habari za wateja, kuwa mkali nyumbani. Kinga yake ni usimamizi wa kitaalamu: saa moja kila wiki au kila baada ya wiki 2 na mwenzako mzoefu, ukijadili kesi bila majina. Aliye peke yake wilayani aupange kwa simu. Hatuuoni kama anasa. Mtaalamu asiyesimamiwa huanza taratibu kutibu shida zake kupitia za wengine, na hajioni.

22. Mji ni mdogo. Nikikutana na mteja harusini?

Kubalianeni kikao cha kwanza: mtaalamu hatamsalimia kwanza, mteja akisalimia atajibu kama anavyomjibu yeyote. Wasikae kamati moja ya harusi ikiwa wanaweza kuepuka. Ndugu, mkopeshaji, mpangaji wake na bosi wake, mtaalamu asiwatibu kabisa, awape rufaa.

Zawadi ndizo ngumu zaidi. Mteja wa Njombe anakuja na ndoo ya maparachichi, au debe la viazi begani. Kukataa kwa ukali ni kumtukana mtu aliyebeba mzigo huo tangu alfajiri. Utaratibu unaofaa: mazao kidogo, mwishoni mwa tiba, yapokelewe kwa shukrani, yagawiwe kitengo kizima na kuandikwa kwenye faili. Pesa, simu, kuku wa kila wiki, au chochote kinacholetwa katikati ya tiba, visipokelewe, na ijadiliwe kikaoni kwa nini kimeletwa. Mara nyingi mteja anaogopa kuachwa, na mazungumzo hayo yanamsaidia kuliko kuku angemsaidia mtaalamu.

23. Mahakama inataka kujua kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu. Mwanasaikolojia anaandika ripoti?

Uchunguzi wa namna hiyo hufanywa na madaktari bingwa kwa amri ya mahakama, na wengi hupelekwa Taasisi ya Isanga, Dodoma. Mwanasaikolojia anaweza kuchangia vipimo. Aliyekuwa akimtibu mtu huyo asigeuke kuwa mchunguzi wake: mteja alimfungulia moyo kama mtibiwa, na hakujua kwamba maneno yale yangekuja kusomwa kizimbani. Akitakiwa, aeleze mgongano huo kwa maandishi mapema na aombe mwingine ateuliwe.